Nipe Wako, Nitakupa Wangu

Asger Lindegaard ndiye aliyeona kwanza, kwa sababu jicho lake la useremala halikosei hata kwa unene wa unywele. Mguu wa kushoto wa binti yake Tove, mtoto wa wiki tano, ulikuwa umeuzidi wa kulia urefu kwa upana wa kidole.

"Sasa unampima mwanangu kama meza?" mkewe Solvej akamtania, huku akimfunga mtoto nepi. "Mwache. Huyo si kabati la mteja."

Asger akacheka, lakini macho hayakutoka kwenye mguu ule.

Kijijini kwetu huku kisiwani Fyn tulijua kwamba anapenda mbao kuliko watu, na hatukumlaumu, maana mbao hazisengenyi. Ubao mpya aliunusa kwanza, akaulaza shavuni, akaongea nao kidogo ndipo achukue randa. Aliposikia Solvej ana mimba, alikwenda moja kwa moja nyuma ya karakana, kwenye mti mkongwe wa hyld. Utotoni tulikata vitawi vya mti ule, tukausukuma nje moyo wake mweupe, laini kama sponji, tukapata filimbi. Asger alitaka shina, amtengenezee mtoto kitanda cha kubembea.

Hyld haukatwi hivi hivi. Ndani yake anakaa Mama Hyld, pepo mwenye mti, na kwetu hata anayejifanya msomi huvua kofia na kumwomba mara tatu kabla ya kushika msumeno. Asger aliomba, akaukata. Akazikausha mbao majira yote ya baridi, akazichonga kwa mapenzi ambayo, kusema kweli, yangemtia wivu mke yeyote.

Kila mchana Tove alilazwa humo, nje, chini ya upenu wa karakana, kama tunavyowalaza watoto wetu wote. Alhamisi moja Asger alikuwa akipiga randa ndani, akasikia kitanda kinalia kwii, kwii. Akatazama dirishani. Majani yalikuwa yametulia, wala hapakuwa na mtu, ila mama mkwe wake Dagny aliyekuwa akimenya njegere kule mlangoni pa jiko.

Kisha ikaja harufu ya maua ya hyld, ule utamu wenye ukali wa mkojo wa paka, nzito kiasi cha kumkaba koo, na mti wenyewe alikwisha kuukata, maua yangetoka wapi, akatupa randa akakimbia nje akamkuta Tove amevutwa hadi mwisho wa kitanda, mguu wa kushoto umepenya katikati ya fito, na kwenye kifundo nyama imebonyea mahali panne, kama inavyobonyea ikishikwa na vidole, ila vidole havikuonekana. Akamkamata mtoto makwapani, akavuta. Upande wa pili nao ukavuta. Tove akapiga ukelele ambao baba yake hakuwahi kuusikia, naye akalegeza mikono, kwa kuwa alijua fika kiungo kikivutwa pande mbili huachia wapi.

Dagny alikuwa amekwisha kufika. Njegere zilikuwa zimemwagika njia nzima.

"Kitanda hiki ni hyld?" akanong'ona.

"Niliomba, Mama. Kofia mkononi, mara tatu."

"Ulisemaje?"

"Kama mnavyosema wote. Nipe wako, nitakupa wangu."

"Wako nini? Wangu nini?"

Asger akaushika mguu wa mtoto usisogee zaidi.

"Tunasema mti, we mjinga," bibi akasema kwa sauti ya chini. "Nipe mti wako, nitakupa mti wangu. Mti hukuutaja?"

"Nilikuwa na furaha," Asger akasema. "Nilimwambia nakuwa baba. Nikaona tumeshaelewana."

"Basi kaelewa. Umemwambia una mtoto, ukamwambia nitakupa wangu."

Mguu ulisogea tena, polepole, na Tove sasa hakulia, alikuwa akihema tu macho yamemtoka. Asger akavua kofia akapiga magoti. Aliogopa mpaka mkojo ukamtoka, wala hakujali.

"Mama Hyld," akasema, "mti sina. Nina mkono. Miaka ishirini na mitano umeshinda kwenye mbao, chochote ninachokijua kuhusu mbao kimo humo. Mkono wangu. Huo ndio wangu niliousema." Akautia mkono wa kulia kitandani, kando ya mguu wa mwanawe.

Alama nne zikafutika kwenye kifundo cha Tove, zikabonyea kwenye kiganja cha Asger. Dagny akamnyakua mtoto.

Kitanda walikirudisha kwenye kisiki cha hyld. Baada ya wiki mbili miguu ya Tove ililingana; Asger aliipima mara nne, na safari hii Solvej hakumtania. Karakana aliifungua tena, ila mkono wa kulia haukusikia chochote. Ubao na chuma kwake vikawa kitu kimoja. Niliwahi kumkuta ameulaza mkono juu ya ubao wa mwaloni, analia.

Septemba patasi iliteleza ikamkata kidole cha shahada cha mkono ule wa kulia hadi ndani. Solvej akaja mbio na kitambaa, kisha akasimama nacho mkononi. Damu haikutoka. Palipokatika palikuwa wazi, na ndani mlikuwa na moyo mweupe wa hyld, laini kama sponji.