Pumzi ya Kapteni wa Zohali

Jumapili ya Pentekoste, tarehe nane Juni mwaka 2025, saa kumi alasiri, katika kituo kidogo cha redio mjini Nyeri, Anita alifungulia maoni ya wasikilizaji hewani, akasikia kwamba nyuma ya kila aliyezungumza palikuwa na mtu mwingine akipumua.

Mchezo wa redio alioutayarisha uliitwa Wasafiri wa Zohali. Ulikuwa wa chombo kilichopotea angani, na kila Jumapili watu walituma ujumbe wa sauti kutoa maoni yao.

"Mimi ni Ngendo wa Giakanja. Hao watu wa huko juu wanakula nini, na hawana hata shamba ya viazi? Lakini kapteni, woi! Hewa ikimwishia nilishika kifua."

"Vasant hapa, wa duka ya mabomba. Kama angani hakuna hewa, ule mlipuko mimi nimesikia na masikio gani? Andikeni vizuri. Lakini kwa kapteni sina neno. Anapumua kama mtu anakufa kweli. Msimuue, tafadhali. Mimi na bibi yangu tumekataa."

Harshil, fundi wa mitambo, alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Ngendo alikuwa Giakanja na Vasant dukani kwake, lakini pumzi nyuma yao ilikuwa ileile: ndefu, yenye maji, inayokwama katikati kama jembe lililogonga jiwe.

"Dada Anita, ni laini mbaya?"

"Ni laini," Anita alijibu bila kumtazama.

Alijua si laini. Kapteni alikuwa Wahome, mume wake, aliyefariki Aprili kwa ugonjwa wa mapafu kabla mchezo haujakwisha. Siku ya kufa kwake wodini, mama yake mzazi, Murugi, na akina mama wa jumuiya walimsindikiza kwa nyimbo na rozari, kama wafanyavyo kwa kila mgonjwa wao, na Anita akaweka simu ikirekodi kando ya mto wa kitanda ili abaki na zile sala. Simu ilinasa na pumzi. Kipindi kilipohitaji kapteni anayeishiwa na hewa, alichukua sehemu ya rekodi ile ambapo nyimbo zilitulia. Maoni yakamiminika: kapteni asife! Basi akaikata pumzi ya mwisho, akazirudia zile za kabla yake juma baada ya juma. Watu wakasifu uigizaji. Naye akazipokea sifa hizo, na asubuhi za Jumapili akapokea komunyo.

Ujumbe wa tatu ulijifungua wenyewe.

"Mimi ni Murugi wa Wamagana. Mimi si mtu wa redio. Maoni yangu ni moja. Mwanangu hakuwa anaigiza."

Ulikuwa umekwenda hewani, mji mzima umesikia. Uso wa Anita uliwaka, akatamani sakafu immeze.

Harshil akang'oa waya wa umeme ukutani. Taa zilizimika, spika zikanyamaza, lakini pumzi haikunyamaza, ila ilihama kutoka kwenye spika ikaja kwenye trei za mayai zilizobandikwa kutani kuzuia mwangwi, ikapita tundu kwa tundu kama inayotafuta mdomo, na pamoja nayo ikaja harufu ya dawa ya kusugulia wodi, mpaka ikasimama nyuma ya shingo ya Anita, baridi, ikivuta aliposhusha na kushusha alipovuta, naye akatambua kwamba kilichokuwa pale hakikuwa Wahome hata kidogo.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Murugi, rozari mkononi. Ujumbe ule aliutuma akiwa pale chini getini.

"Kuna kitu kimepata nyumba," alisema polepole. "Kimeingia ndani ya pumzi ya mtoto wangu. Yeye amebaki nje, hawezi kwenda."

"Mama, nisamehe."

"Tutaongea hayo. Ile ya mwisho iko wapi?"

"Sikuifuta. Niliogopa."

"Iweke yote, na nyimbo zetu. Usikate kitu."

"Hewani, Mama?" Harshil alinong'ona.

"Walisikia akifungwa. Wasikie akifunguliwa."

Fundi alirudisha waya ukutani. Nyimbo za wodini zikajaa chumba, na katikati yake Wahome akipumua, taratibu, kila mara mbali zaidi, na kile kitu nacho kikimfuata kwa shida, kikichelewa, kikiburutwa kama ng'ombe asiyetaka josho, hadi pumzi ya mwisho ikaja, ndogo, karibu ya kitoto, ikashuka, isipande tena. Kile kitu kikavuta peke yake. Kikavuta tena, kutoka kifuani mwa Anita, naye akaona giza. Murugi akamshika kichwa kwa mikono miwili, akaanza sala. Kile kitu kikamtoka, kifua kikaachia.

Anita alipiga magoti mbele ya kipaza sauti, mji wote ukimsikiliza, akamalizia sala ile kwa sauti yake mwenyewe:

"Ee Bwana, mpokee Wahome, mtumishi wako, ambaye mimi mke wake nilimzuia mlangoni kwa kupenda sifa. Usimhesabie kukawia kwake. Umpe raha ya milele, mwanga wako umwangazie, apumzike kwa amani. Amina."