Tonge la Marehemu

Jua lilikuwa linazama nilipofika Kabiria kwa mwanangu Oloo, unga wa wimbi kichwani na kishali cha mtoto kwapani. Nilikuwa nimetembea kutoka Spring Valley, ninakofanya kazi ya kupika, na vumbi jekundu lilikuwa limenipanda mpaka magotini. Sikujali. Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa amezaliwa, tena wa kiume, na walikuwa wamempa jina la marehemu mume wangu, Odhiambo. Nani angejali vumbi?

Nilibisha hodi. Mlango haukufunguka.

"Ni nani?"

"Ni nani mwingine? Fungueni, unga unanivunja shingo!"

Aliyetoka ni wifi yangu Peres, dada ya marehemu. Alifungua kidogo, akapita ubavu, akaufunga mlango nyuma yake haraka kama anayezuia kuku wasitoke. Peres ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na tangu niolewe kwao hajawahi kunipokea mzigo. Jioni hiyo aliupokea.

"Mama Oloo, simama hapo hapo."

"Mbona?"

"Unajua mbona. Wewe bado mke wa kaburi."

Kwa asiyejua, kwetu mume akifa mjane haingii ovyo nyumba za jamaa zake. Anangoja. Marehemu atamjia ndotoni kama mume anavyomjia mkewe, atalala naye mara ya mwisho, kisha atamwachia aende zake. Mjane asiyeota ndoto hiyo akimshika mtoto mchanga, mtoto hushikwa na chira, anakonda mpaka anakwisha. Cheka ukitaka. Hata mimi nilicheka zamani, ilipokuwa habari ya wajane wengine.

"Mwaka unakwisha sasa, Peres."

"Na hajakuja?"

"Hajaja."

"Hata ndoto ndogo?"

"Hata kuku sijamwota."

Alinitazama kama sufuria inayovuja. Ndani, mtoto akaanza kulia. Phoebe, mke wa mwanangu, akaniita akiwa ndani, anacheka, maana kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake.

"Mama, ingia bwana! Huyu mume wako anakulilia!"

Nilicheka pia. Sijawahi kutaka kitu duniani kama nilivyotaka kumpakata mtoto yule, na kati yetu palikuwa na ubao mwembamba na kidole cha Peres.

"Nenda ukaote," Peres akasema. "Akikuja, usiambie mtu. Uje kwangu kwanza, nitakuingiza mimi mwenyewe."

Nenda ukaote! Utadhani ndoto zinapimwa kwa debe sokoni Kangemi.

Hata hivyo, njiani kurudi Kangemi, ninakopanga chumba, nilijua kizuizi ni nini. Ni vidonge.

Odhiambo alipokufa niliingiwa na kitu ambacho sina jina lake. Sikulia. Nilikaa tu. Mwajiri wangu, Daktari Balwant, Kalasinga mwenye kliniki Westlands, alinikuta siku moja nimesimama mbele ya jiko nikitazama dengu zikiungua, moshi umejaa nyumba nzima. Hakunifukuza. Alinipa vidonge vidogo vya kumeza kila jioni. Na vilinisaidia, siwezi kudanganya. Nilianza kula, nikaanza kuoga, nikarudia hata kugombana na muuza maziwa. Lakini usingizi wa vidonge ulikuwa mtupu. Unaingia gizani, unatoka asubuhi, katikati hakuna mtu.

Daktari alikuwa amenionya. "Lornah, hii dawa hapana acha mara moja. Wewe nataka acha, ambia mimi kwanza. Tapunguza pole pole."

Sasa ningemwambia nini? Kwamba nataka mume wangu aliyekufa aje kulala nami, ili nimshike mjukuu? Nimwambie mwanamume, tena mwajiri, tena Kalasinga wa watu anayesali asubuhi na jioni? Mficha uchi hazai, lakini uchi mwingine hautoleki.

Nilivimwaga vyote chooni.

Siku za kwanza hapakuwa na kitu. Kisha yakaja mate.

Sijui nieleze vipi bila kukutapisha. Yalinijaa mdomoni kama chemchemi, mazito, ya vuguvugu, yenye ladha ya chuma. Nikiyameza, tumbo linayarudisha. Nikiyatema, yanajaa tena kabla sijafuta midomo. Niliamka mto umelowa, umenata shavuni. Jasho nalo likanimwagika asubuhi ya baridi mwezi wa Julai. Tumbo likaharisha. Nikigeuza macho upesi, kitu kinachapa ndani ya kichwa, *tsss*, kama waya wa stima uliolegea. Nilijichukia. Mwili wangu wote ulikuwa umegeuka kitu cha kuvuja.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nikavumilia, nikifikiria shali na mtoto.

Kisha ikaja harufu.

Hapa lazima nikwambie kazi ya mume wangu. Odhiambo alikuwa akiosha matumbo machinjioni Dagoretti. Miaka yote ya ndoa yetu alirudi na furushi la matumbo ndani ya gazeti, yanadondosha maji ya kijani sakafuni. Aliyapenda na nyongo yake. Alipenda zaidi kunilisha. Anamega tonge, analifunika kwa kipande cha utumbo, kile chenye vinyweleo kama taulo, analileta mpaka mdomoni. "Kula, mama." Nilichukia. Yesu anajua nilivyochukia. Nilimeza kwa ajili ya amani ya nyumba, na siku tuliyomzika niliapa utumbo hautapita tena kwenye meno yangu. Usiku alikuwa akitafuna usingizini. Anatafuna, anatafuna, kisha anagonga ulimi mara mbili. *Nyak, nyak... ta, ta.* Nililala kando ya sauti hiyo nusu ya maisha yangu.

Siku hiyo nilikuwa Spring Valley, nakaanga vitunguu. Nyumbani kwa daktari hawali nyama. Hata yai haliingii mle. Nikainamia sufuria... na kilichonijia puani si vitunguu.

Ni matumbo. Mabichi. Yaliyokaa juani.

Nilishika meza. Nikajiambia, Lornah, ni pua yako, umeumwa, tulia. Nikafunika sufuria. Harufu ikazidi. Ilikuwa nyuma yangu.

Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo. Alikuwa Memsaab Jaswinder, mke wa daktari, amejiziba pua kwa mtandio wake.

"Lornah! Nani naleta nyama ndani ya jiko yangu?"

Mate yalikuwa yamenijaa mdomoni mpaka mashavu yamevimba. Nilikimbilia nje nikatapikia maua yake.

Alinirudisha nyumbani mapema. Niliingia chumbani kwangu, nikajitupa kitandani na viatu. Jua lilikuwa bado halijatua. Mwanga mwekundu ulikuwa ukipenya kwenye matundu ya mabati, na nje akina mama wapangaji wa ploti walikuwa wakigombania bomba la maji. Nakumbuka sauti zao vizuri. Sikumbuki zilipoisha.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda changu.

Amevaa buti zake za mpira za machinjioni. Zilikuwa zimejaa maji mpaka juu, na kila akisogea zinafanya *chwa... chwa*. Uso wake sikuuona vizuri. Niliiona mikono, imekunjamana kama mikono ya mtu aliyefua kutwa.

Afadhali, nikawaza. Hatimaye. Nikafungua kanga yangu mwenyewe, nikageuza uso ukutani.

"Odhiambo, fanya ulilokuja kufanya, uende."

Hakunigusa. Nilisikia mkono ukiingia ndani ya karai lililokuwa miguuni pake. Maji yakadondoka. Kitu baridi, chenye vinyweleo, kikanigusa midomo.

"Kula, mama."

"Sitaki."

"Kula."

Mdomo ulifunguka wenyewe. Kiliteleza juu ya ulimi kikaenea kote, kikagusa koo, na ladha ya nyongo ikanijaa hadi machoni. Nilitaka kumeza ili kiishe. Akanishika taya kwa vidole vile vilivyokunjamana.

Akaninong'oneza.

"Usimeze. Tafuna vizuri. Yeye hana meno."

Niliamka. Akina mama bado walikuwa wakigombania bomba. Mto umelowa, kanga imefunguka. Nilikuwa natafuna. Nikaingiza vidole mdomoni nikatafuta, mpaka nyuma, mpaka nikatapika. Hapakuwa na kitu. Ila sakafuni, mbele ya kigoda, palikuwa na maji. Huenda yalikuwa matapishi yangu. Sikuyanusa ili nijue.

Asubuhi nilikwenda kwa Peres, Kawangware. Sikuhitaji kusema mengi. Alinitazama macho mekundu na midomo iliyopasuka.

"Amekuja?"

"Amekuja."

Hakuuliza alikuja akafanya nini. Wanawake wa umri wetu hawaulizani hayo, na mimi sikuwa na hamu ya kuyasimulia. Kwangu mimi ndoto ilikuwa ndoto. Nilimtaka, akaja, basi imekwisha. Peres alipiga kigelegele kidogo, akaninyunyizia maji ya manyasi, dawa ya kuzuia chira, kichwani na kifuani, akanishika mkono kama bibi harusi. Tukaenda Kabiria.

Mlango ule ule, safari hii wazi. Phoebe akaniweka mtoto mapajani.

Mungu wangu, alikuwa mzuri! Mzito, wa joto, ana nywele mpaka kwenye paji. Nililia bila aibu. Oloo mwanangu alisimama mlangoni akijifanya anatazama barabara, kumbe naye anafuta macho. Nikainama kumnong'oneza mtoto jina lake.

"Odhiambo."

Akafungua mdomo. Wazi kabisa, kama kinda la ndege.

Na mate yakanijaa. Yalikuja kwa ghafla, mazito, machungu kama nyongo. Nilifunga midomo. Nilijaribu, nakuapia nilijaribu. Uzi mmoja ulipenya pembeni, ukashuka taratibu... ukaanguka ndani ya mdomo wa mtoto.

Akameza.

"Mama, jamani!" Phoebe alicheka, akachukua kitambaa kunifuta. "Unamtamani namna hiyo? Si umle basi!"

Nilikuwa nimeona haya, nikatafuta la kusema. "Ni huu ugonjwa wa mate. Yamezidi tangu jana, marehemu aliponilisha."

Peres alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini.

"Alikufanya nini?"

"Alinilisha. Matumbo yake yale."

Akaja akachuchumaa mbele yangu. Sauti ya kwaya ilikuwa imekwisha, amebaki na mnong'ono tu.

"Hakulala na wewe?"

"Hapana."

"Ulimeza?"

"Alinikataza. Alisema nitafune tu."

Peres akamtazama mtoto. "Mama Oloo," akasema, "huyo hajakuachia. Huyo amekutuma."

Phoebe alimnyakua mtoto. Ndipo tukasikia.

*Nyak, nyak.*

Mtoto wa wiki chache, ufizi mtupu, amefumba macho.

*Nyak, nyak... ta, ta.*

Oloo aligeuka pale mlangoni. Alikuwa amekwajuka usoni. Alilala chumba kimoja na sisi utoto wake wote.

"Mama," akasema. "Hivyo ndivyo baba alivyokuwa akifanya."

Nilirudi nyumbani kwa daktari siku hiyo hiyo nikamweleza yote, aibu au si aibu. Alinisikiliza vizuri. Alisema vidonge vile hufunga ndoto, na ukiviacha ghafla ndoto zote zilizongoja hufurika kwa pamoja. Mate, kutapika, jasho, ile stima kichwani, yote alikuwa ameyaona kwa wagonjwa wengine. Alinigombeza kidogo, akanipa vingine. Nilimuuliza kuhusu harufu. Akasema pua ya mgonjwa hudanganya.

"Na pua ya Memsaab?"

Alimtazama mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mkewe alitazama chini.

Vidonge vimefanya kazi. Kichwa kimetulia, jasho limekoma, sioti tena. Daktari alisema hukausha mdomo, na kweli kutwa nzima ulimi wangu ni mkavu mpaka unagandana na kaakaa.

Sijaruhusiwa kumshika mtoto tena, na mimi mwenyewe siombi. Peres amemnyunyizia manyasi, wamemwombea kanisani, kila wiki wanamtazama mbavu kama chira imeanza. Hakondi. Ananenepa. Ziwa la mama yake amelikataa na bado ananenepa, mashavu yamejaa, yanateleza. Phoebe haniambii tena mume wako analia. Ameniambia jambo moja tu, akiwa nje, huku ameuegemea mlango. Kila jioni, jua likizama, mtoto anageuza uso upande wa Kangemi na kufungua mdomo.

Hilo sikuhitaji kuambiwa. Jua likizama, mimi huku hujaa mate.