Sampuli Isiyo Yake

Kila asubuhi Marystella alimeza vidonge mbele ya mama yake, akafagia ua wa nyumba yao pale Bondeni, mjini Kyela, kisha akakimbilia shule na binamu yake Catheline. Ndivyo mama alivyoamini. Kumbe tangu shule zifunguliwe, msichana huyo alikuwa akivibana vidonge chini ya ulimi na kwenda kuvitema nyuma ya migomba.

Mwaka uliotangulia, akiwa darasa la tano, aliugua sana. Tumbo lilimsokota, akaharisha damu, akakonda akabaki mifupa mitupu. Madaktari wa Mbeya waligundua kwamba ana ugonjwa wa uvimbe wa utumbo: kinga ya mwili wake ilikuwa ikiushambulia utumbo wake mwenyewe. Hakuambukizwa na mtu, wala hakurogwa kama baadhi ya majirani walivyonong'ona. Dawa zilimrudishia nguvu, na sasa alikuwa mfungaji tegemeo wa timu ya netiboli ya shule. Akajiona amepona. Vidonge vya nini tena?

Siku moja kwenye kliniki ya pale Kyela, Daktari Humphrey aliyekuwa akimfuatilia alimkabidhi kikopo cha kuletea choo. Alieleza kwamba sampuli ingepelekwa Mbeya kupimwa protini fulani, ambayo hutolewa na chembe nyeupe za damu zinapojazana kwenye utumbo uliovimba. Protini hiyo, alisema, huongezeka hata kabla mgonjwa hajaanza kusikia maumivu.

Marystella alirudi nyumbani na hofu. Mashindano ya mkoa yalikuwa yamekaribia, na majibu mabaya yangemzuia kusafiri. Akambembeleza Catheline amjazie kile kikopo. Catheline alikataa, akabembelezwa tena, mwishowe akakubali shingo upande.

Majibu yalikuja mazuri. Daktari alimpigia mama simu na kusema kwamba mambo yakiendelea hivyo, wangefikiria kupunguza dawa. Mama yake, Dorothea, alinunua samaki aina ya mbasa, akapika wali, akaalika na majirani. "Ndaga, Mungu wangu," alishukuru kwa Kinyakyusa tena na tena kila alipopakua. Marystella alichezea tonge. Alikaa, akainuka, akaenda uani, akarudi. Tumbo lilikuwa limeanza kumnyonga kidogo, naye hakujua kama ni ugonjwa au ni hofu.

Tangu hapo hakutulia. Darasani aliulizwa hili akajibu lile. Uwanjani mpira ulimponyoka. Kila alipokwenda chooni aliogopa kutazama, na alipotazama siku moja, akaona uzi mwembamba wa damu.

Catheline alimkuta ameinama kando ya bomba la maji, uso umempauka. Akamwambia polepole, "Dada Stella, tumbo lililosifiwa ni langu. La kwako hakuna aliyelipima."

Maneno hayo yalimchoma. Alimfuata mama yake, aliyekuwa akipepeta mchele barazani, akasimama mbele yake huku akisokota pindo la sketi.

"Mama, ile sampuli haikuwa yangu. Na vidonge huwa ninatema."

Mama aliweka ungo chini. Kisha akajifunga khanga vizuri, akamshika mkono, wakaenda kliniki.

Daktari Humphrey hakumgombeza. Alimpa kikopo kingine, na safari hii majibu yalionyesha kwamba ile protini imepanda sana. Alipelekwa Mbeya, madaktari wakamwingizia kamera nyembamba utumboni, wakaona vidonda vidogo vilivyoanza kuchimba ukuta wa utumbo. Alianzishiwa tena dawa, mama akimkagua hadi chini ya ulimi. Timu ilikwenda kwenye mashindano bila yeye, ikatolewa mapema. Marystella alilia siku nzima, na hakuna aliyemzuia.

Muhula ulipokwisha alipimwa tena. Protini ilikuwa imeshuka karibu na kiwango cha kawaida. Akamuuliza daktari kwa nini alikuwa akiharibika ndani na huku alikuwa akikimbia uwanjani kama mzima.

"Mto hauanzi kula kingo siku ya mafuriko," daktari alimjibu. "Huanza kuchimba chini, wakati juu watu bado wanapita. Kipimo hiki hutuonyesha kunakochimbwa, ili tuzibe mapema. Lakini ukiniletea maji ya mto mwingine, mimi nitatibu nini? Kwa majibu yale, ningekupunguzia dawa kwa mkono wangu mwenyewe."

Marystella aliinamisha kichwa. Akaomba msamaha, kwanza kwa daktari, kisha kwa Catheline, aliyekuwa amewasindikiza.

Walipotoka nje, mama alimsogeza karibu naye. "Mwanangu, nilikasirika, sikufichi," alisema. "Lakini siku uliyosema kweli ndiyo siku uliyoanza kupona. Ugonjwa hauoni aibu kukuumiza. Nawe usione aibu kuutaja."