Vifaranga wa Sanduku la Taa

Nyumba ya Fundi haikujua kimya. Sebuleni cherehani ililia tangu asubuhi. Barazani mkewe, ambaye watu walimwita Msusi, alisuka nywele huku akipiga soga na wateja. Na stoo, nyuma ya mafungu ya vitambaa, kuku mwekundu aliatamia mayai kumi ndani ya tenga.

Kuku huyo alikuwa wa Bibi, mama yake Fundi. Bibi alipohamia kwao alikuja na begi moja na kuku mmoja.

"Bibi wa mabibi zake kuku huyu nilimpata nilipoolewa," alipenda kusema. "Ugonjwa wa mdondo uliwamaliza wenzake wote. Amebaki huyu peke yake."

Fundi alimtania mama yake kwamba anampenda kuku kuliko mwanawe. Bibi hakukataa. "Kuku anataga," alimjibu. "Wewe unakula tu."

Bibi alikuwa na sababu ya kununa. Kuku alipoatamia mara ya kwanza pale nyumbani, Fundi aliona vifaranga wanachelewa kutoka. Akachukua mkasi wake, akayamenya mayai kama mtu anayemenya ndizi. Vifaranga walitoka damu, wakafa wote. Tangu siku hiyo Fundi alipigwa marufuku kukanyaga stoo.

Asubuhi moja Msusi alikuwa akimsuka jirani yao, Mama Vifaranga. Mama huyu alipewa jina hilo kwa sababu ya kazi yake: alifanya kazi kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imeshasukwa. Nusu nyingine nywele zilisimama wima.

Ghafla Bibi akapiga ukelele kutoka stoo.

Walipofika walimkuta na ufagio mkononi. Nguchiro alikuwa amepenya kwenye tundu la ukutani. Bibi alimfukuza, lakini alikuwa amechelewa. Kuku mwekundu alilala pembeni, shingo imevunjika. Mayai yalikuwa mazima ndani ya tenga.

"Basi," Bibi alisema, akaketi sakafuni. "Kizazi kimekwisha."

Msusi alipiga magoti kando ya tenga. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akayakusanya mayai, akayakumbatia tumboni. Yalikuwa bado na uvuguvugu.

"Shoga," alimwuliza Mama Vifaranga, "haya ndiyo yamekufa?"

"Nani kasema? Kuku mwenyewe huenda kula, mayai yakapoa kidogo. Hayafi upesi hivyo. Imebaki kama wiki moja waanguliwe. Nitafutieni boksi, taa na bakuli la maji. Haraka!"

"Na nywele zako?"

"Nywele haziozi! Lete boksi!"

Siku ile Mama Vifaranga alipita mtaani na kichwa nusu-nusu, akaenda kwake kuchukua kipimajoto. Watoto wa mtaa walimcheka. Hakuwajali.

Fundi alitoboa matundu madogo ubavuni mwa boksi ili hewa ipite. Walitundika balbu ya zamani, ile inayotoa joto, mbali na karatasi na kitambaa isije ikawasha moto. Wakaizungushia wavu. Chini waliweka bakuli la maji.

"Joto peke yake halitoshi," Mama Vifaranga alieleza. "Hewa ikiwa kavu, utando ulio ndani ya ganda unakauka na kumnasa kifaranga. Kipimajoto kikae usawa wa mayai. Kisome nyuzi thelathini na saba na nusu, au thelathini na nane. Joto likizidi, inua taa. Likipungua, ishushe."

Kisha walifunga madirisha, wakaliweka kila yai mbele ya tochi. Kwenye yai la kwanza Msusi aliona mishipa myembamba kama nyuzi nyekundu. Halafu kitu cheusi kikatikisika.

"Amecheza!" alipiga kelele. "Mama, njoo uone! Amecheza!"

Bibi alisogea polepole, akachungulia. Kisha alivuta kigoda, akaketi karibu na boksi. Hapo ndipo pakawa mahali pake.

Yai moja lilipitisha mwanga wote, halina kitu. Wakalitoa. Yaliyobaki Msusi aliyawekea alama upande mmoja kwa chaki ya Fundi. Asubuhi, mchana na jioni alinawa mikono, akayageuza, ili kifaranga asigandie upande mmoja. Zilipobaki siku tatu aliacha kuyageuza, akaongeza bakuli la pili la maji.

"Sasa funga boksi, na lisifunguliwe hovyo," Mama Vifaranga aliagiza. "Kila ukifungua, unyevu unatoka."

Siku ilipofika, yai moja likapata ufa. Sauti ndogo ikasikika ndani: pii, pii. Fundi akaacha nguo ya mteja chini ya sindano, akaja mbio.

"Anahangaika jamani! Nimsaidie kidogo tu."

"Shemeji, tulia," alisema Mama Vifaranga. "Hahangaiki, anapumzika. Akishatoboa tundu la kupumulia hukaa saa nyingi. Damu iliyo kwenye utando inarudi mwilini mwake. Kiini nacho kinaingia tumboni, ndicho chakula chake cha mwanzo. Ukimtoa leo, unamtoa kabla ya siku zake."

Fundi aliinamisha kichwa. "Kumbe wale wa mwanzo..."

"Ndiyo. Walikuwa hawajawa tayari."

Walisubiri. Kesho yake ganda la kwanza lilikatika duara, kama kifuniko cha sufuria, na kifaranga akajisukuma nje, amelowa, miguu inamchanganya. Bibi alicheka hadi akashika mbavu. Akafuata wa pili, wa tatu. Hadi jioni walikuwa wanane, wakikauka na kuwa laini kama pamba.

Yai moja likabaki. Lilikuwa limetobolewa tangu jana asubuhi, na tundu halikuongezeka. Fundi alikiri kwamba alikuwa amefungua boksi mara kadhaa kuwatazama. Pale kwenye tundu utando ulikuwa umekauka, umekuwa wa kahawia kama karatasi, umeshika manyoya. Sauti ya kifaranga ilikuwa inafifia.

"Huyu ndiye wa kusaidiwa," alisema Mama Vifaranga. "Siku nzima imepita, na amenasa. Msusi, una vidole vyepesi. Nawa mikono."

"Asimguse!" Bibi alisimama. "Mumewe aliwaua wote!"

Msusi alimshika mkono. "Mama, niamini."

Bibi aliketi tena. Akashika tochi ili mwenzake aone vizuri.

Msusi alichovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, akalowesha utando, akijihadhari maji yasiingie puani mwa kifaranga. Akabandua kipande cha ganda kidogo kama punje ya mchele. Kisha kingine, akifuata mzunguko ule ule ambao kifaranga angeukata mwenyewe. Ghafla tone la damu likatokea. Akamtazama Mama Vifaranga.

"Simama hapo," alisema Mama Vifaranga. "Damu inasema bado. Mrudishe kwenye joto. Baada ya saa chache uloweshe utando tena, utazame mishipa. Ikiwa imekauka, endelea. Ila nusu ya chini usimmenyee. Lazima asukume mwenyewe, apate nguvu."

Kisha akaondoka kwenda kazini, zamu ya usiku. Wakabaki mkwe na mkwe.

Saa zilipopita Msusi alilowesha tena. Mishipa ilikuwa imekauka, hakuna damu. Akaendelea, kipande kwa kipande, hadi kichwa kikawa huru. Akaondoa mikono yake.

"Sukuma, baba," Bibi alinong'ona. "Sukuma!"

Kifaranga alilala kimya. Halafu akapiga teke. Akapumzika. Akapiga la pili, na ganda likamwachia. Akabingirika kwenye kitambaa, akainua kichwa, akalia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake.

Bibi alipiga vigelegele hadi majirani wakadhani kuna arusi ndani.

Vifaranga wote tisa waliishi. Walikauka ndani ya boksi, wakahamia kwenye banda dogo lenye taa, maji safi na chakula chao. Walichanjwa dhidi ya mdondo, na Fundi akaziba tundu la ukutani kwa saruji. Miezi ilipita. Mitetea sita wekundu wakaanza kutaga, na majogoo wakawika hadi jirani wa nyuma akalalamika.

Siku moja mwanamke wa mtaa wa pili alikuja mbio, kuku wake ameacha kuatamia mayai. Alimwendea Bibi, kwa kuwa ndiye mzee wa kuku.

Bibi alimshika bega, akamgeuza kuelekea barazani.

"Mimi nafuga tu," alisema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Wa kuangua ni binti yangu yule pale."