Sahani Yenye Jina la Nomin

Wewe unayebetua midomo, ibetue vizuri, maana nikimaliza utaifunga mwenyewe. Eti vizuka ni mambo ya washamba! Haya. Siku ukihamia mtaa mgeni, mpe jirani chakula kwenye sahani yenye jina la mwanao, halafu tuonane.

Oyuna alifanya hivyohivyo. Mmongolia yule, mwaka wa tano Korea, alikuwa ndiyo kwanza amehamia na mumewe kwenye chumba cha uani kwa bibi Bunrye, katika kichochoro cha mlimani mjini Daegu. Mume alikuwa fundi wa kuchomelea, zamu yake jioni. Mtoto walikuwa na mmoja tu, Nomin, wa miaka minne.

"Mama Nomin," bibi Bunrye alimwambia, "mgeni hugawa mkate wa mchele. Nyumba saba, sahani saba. Na juu utandaze maharage mekundu, umesikia?"

"Mwanangu hapendi maharage, bibi."

"Nani kamuuliza? Ule wekundu ndio unaowazuia wasioalikwa. Nyie mnaotafuna kondoo mzima, maharage ndiyo yawashinde!"

Oyuna akacheka. Akapika mkate kwa mvuke, wote mwekundu, isipokuwa kipande kimoja cheupe cha Nomin. Akakiweka kwenye sahani yake ya chekechea, yenye kibandiko cha jina chini ya kitako.

Jua linazama, akagawa nyumba zote saba. Anarudi, akaona mwisho wa kichochoro lango la buluu.

Liko wazi kidogo.

Akaona haya kumruka jirani. Kilichobaki nyumbani ni kile kipande cheupe, akakipeleka hichohicho na sahani yake.

"Hodi..."

Kimya. Kisha harufu: nguo zilizokaa sandukuni miaka, na udongo uliochimbwa leo. Mkono ukatoka penye upenyo. Mkono tu. Ukapokea.

"Asante," sauti ikanong'ona. "Mwambie Nomin nitairudisha."

Oyuna alishafika kwake ndipo alipokumbuka: hakumtajia mwenye mkono ule jina la mtoto. Na kibandiko kilikuwa chini.

Kesho yake, jioni ileile, sahani ilikuwa kizingitini. Wakorea hawarudishi chombo kitupu. Ndani yake mlikuwa na viatu vya mpira, vyeupe, vya kizamani. Saizi ya Nomin.

Alimkimbilia bibi Bunrye, akamweleza yote. Kikongwe akaigeuza sahani, akakiona kibandiko.

"Lango la buluu? Mwenye nyumba ile nilimwosha mimi, kwa mikono hii, majira ya baridi, miaka mitatu iliyopita. Alikufa akimwita binti yake aliyemtangulia. Mjinga wewe! Mkate mweupe! Na jina la mtoto kwenye sahani!"

"Sikujua, bibi..."

"Ungejulia wapi, na masikio umeyaziba kwa kicheko?"

Akaingia chumbani kwa Oyuna, akafunga mlango, akaketi kwenye sakafu yenye joto na kumpakata mtoto.

"Anaita mara tatu. Ya tatu isipojibiwa, anaingia kujitafutia mwenyewe. Ikijibiwa, anaondoka na aliyejibu."

Nje, kokoto zikalia. Kra... kra...

"Nomin..."

Mtoto akafungua kinywa. Oyuna akakiziba kwa kiganja. Joto la sakafu likazimika, pakawa baridi kama kaburini.

"Nomin... njoo nikuvishe viatu..."

Sasa sauti iko mlangoni. Mtoto anatupa miguu, anataka kwenda. Machozi yanamtoka Oyuna.

"Nitajibu mimi, bibi. Ni mwanangu."

"Nani atamlea, mumeo anayeunguza hata tambi? Kaa chini."

Bibi Bunrye akakibandua kibandiko kwa ukucha. Akakibandika kifuani mwake. Akachukua sahani na vile viatu vyeupe.

"Bibi, yule binti yake alikufaje?"

Kikongwe akavigeuza vile viatu mkononi. "Tulikuwa tunacheza wawili mtoni," akasema. "Mimi nilirudi."

"Nomin..."

"Abee!" akaitika, kwa sauti nyembamba ya kitoto ambayo Oyuna hakuwahi kuisikia kwake.

Akavipita viatu vyake mwenyewe kizingitini bila kuvigusa. Akatoka, akaufunga mlango.