Fundi Bobini Aandika Anachokijua

Kila asubuhi mke wa fundi alifungua mlango wa buluu wa chumba cha mbele, akafagia. Alifagia vipande vya nyuzi, vumbi la vitambaa na sindano zilizopinda. Kisha akapanga nyuzi, vifungo na zipu kwenye meza yake ndogo. Hapo ndipo palikuwa pake. Upande wa pili wa chumba ulikuwa wa mumewe.

Mumewe alitengeneza cherehani. Yeye hakushona nguo. Alizitibu mashine za wanaoshona. Watu walimwita Fundi Bobini, kwa sababu mfukoni hakukosa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Hata siku ya harusi yake moja ilimdondoka, ikabingirika hadi miguuni pa mama mkwe.

Kwa miaka ishirini walikuwa na kibanda pembeni ya kituo cha mabasi. Nani asiyewajua? Kisha barabara ikapanuliwa na kibanda kikabomolewa. Wakahamia nyumbani, ndani ya kichochoro. Hapo wateja wakapotea kama sindano kwenye zulia.

Asubuhi moja mke alimwona mumewe akiipaka mafuta cherehani aliyoipaka mafuta jana yake. Moyo ulimuuma.

"Kaka yako amepita tena," fundi alisema bila kugeuka. "Mlinzi wa ghala la kazini kwake anastaafu baada ya miezi mitatu. Anasema nafasi ni yangu nikitaka. Na hili sanduku la vifaa, amelipatia mnunuzi."

"Na wewe unataka kulinda ghala?"

"Mama watoto, mtu hali anachotaka. Anakula anachopata."

Mkewe alilitazama lile sanduku. Mpini wa bisibisi kubwa ulikuwa umelika na kuchukua umbo la kiganja cha mumewe. Mtu mwingine angeishikaje?

"Hodi!" sauti ya upole iliita mlangoni.

Alikuwa jirani yao wa nyumba ya mkabala, binti aliyefanya kazi katika maktaba. Mtaa mzima ulimwita Dada Maktaba.

"Shikamoo mama, shikamoo fundi. Naomba uzi mwingine. Huu niliochukua ni mbovu, unakatika kila mara."

"Usiutukane uzi wa mke wangu," fundi alisema. "Sindano umeibadilisha lini?"

"Kwani inabadilishwa?"

Fundi alishika kichwa. "Mnasikia? Mwaka wa ngapi huu, sindano ileile! Sindano ikichoka inapata makovu, na kovu linaukata uzi. Weka mpya. Ule upande wake ulio bapa uuelekeze inavyotakiwa na mashine yako. Halafu fungua pale chini ya meno yanayovuta kitambaa, utoe vumbi kwa brashi ndogo. Ukimaliza, pitisha uzi upya tangu mwanzo. Ukikatika tena, niletee mimi, si uzi."

Alisema hayo huku bisibisi ikicheza mkononi, na uso wake uling'aa kama zamani.

Dada Maktaba hakuondoka. "Fundi, hayo umewahi kuyaandika?"

"Niyaandike wapi?"

"Kwenye blogu. Ni kama daftari lililo wazi mtandaoni. Wewe unaandika, na mwenye simu popote alipo anasoma. Leo mtu akiharibikiwa haendi kuuliza kituoni. Anaiuliza simu yake. Sasa simu imjibu nini, ikiwa wewe hujasema kitu?"

Fundi alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Ujuzi huu nimeutafuta miaka ishirini. Nikiugawa bure mtandaoni, nani atakuja hapa? Kila mtu atakuwa fundi."

"Daktari akikwambia unawe mikono, unaanza kujipasua mwenyewe?" mkewe aliuliza.

"Hilo ni jambo jingine."

"Ni hilohilo, bwana wee. Mtu akijua kupiga brashi, hajajua kufungua moyo wa mashine. Ila amejua nani anaufahamu."

Dada Maktaba aliitikia kwa kichwa. "Mtu akisaidiwa kidogo bila kudaiwa, anakuamini. Siku ya shida kubwa anakuja kwa aliyemsaidia."

Fundi akakubali kujaribu. Jioni hiyo Dada Maktaba alikuja kuwafungulia blogu kwenye simu ya mke. Haikuwa na malipo. Aliwaambia nenosiri walijue wao wawili tu. "Hata mimi msinitajie," alisema, akageuza uso wakati wanaliandika.

Siku ya pili fundi alivaa miwani, akakaa wima, akaandika makala ya kwanza. Ilimchukua nusu siku. Dada Maktaba alipoisoma, aliuma midomo.

"Cheka tu," mke alimwambia. "Mimi nimeshacheka."

Fundi alikuwa ameandika: "YAHUSU: FUNDI BORA KULIKO WOTE. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu."

"Si ndivyo barua inavyoandikwa?" fundi aliuliza.

"Barua ya kuomba kazi, ndiyo," Dada Maktaba alisema polepole, asimvunje moyo. "Lakini fikiria fundi nguo ambaye mashine yake imegoma na mteja anasubiri. Ataandika nini kwenye simu?"

Mke alijibu haraka, maana maswali hayo aliyasikia kila siku mezani pake. "Ataandika, 'Kwa nini uzi unakatika?'"

"Basi hicho ndicho kichwa cha makala. Maneno ya mteja mwenyewe. Ukianza kwa kujisifu, msomaji anapita. Anza na shida yake."

Mke alitafuta kalamu, na tangu hapo kila swali aliloulizwa aliliandika nyuma ya boksi tupu la sindano. Kwa nini mashine inaruka mishono? Mbona inapiga kelele? Mbona imekuwa nzito? Boksi lilijaa, akachukua la pili.

Kuandika ndiko kulikomshinda fundi. Akishika simu, maneno yalikauka. Akishika bisibisi, yalimiminika. Mkewe akagundua dawa.

"Wewe tengeneza huku unasema. Mimi nitaandika."

Ikawa hivyo. Kila Jumatatu asubuhi fundi alifungua mashine moja, akaeleza. Mke aliandika jinsi alivyosikia, kwa sentensi fupi. Kisha alimsomea, naye alisahihisha. Picha walipiga karibu na mlango, penye mwanga, baada ya kupangusa meza. Mashine ikiwa ya mteja, walimwomba ruhusa kwanza. Dada Maktaba aliwaonya wasichukue makala wala picha za watu wengine. "Andikeni mnachokijua. Kinawatosha."

Mwisho wa wiki ya kwanza blogu ilionyesha wasomaji wanne.

"Wawili ni sisi," fundi alihesabu. "Wa tatu Dada Maktaba. Huyu wa nne ni nani?"

"Ni kaka yangu," mke alisema. "Anachungulia kama umeshafunga duka."

Lakini hawakuacha. Kila Jumatatu makala moja. Wiki ya tano waliandika hii: "Cherehani imekuwa nzito? Usiitie mafuta ya kupikia." Fundi alieleza kwamba mafuta ya kupikia hugeuka gundi ndani ya mashine. Alisema amewahi kupokea cherehani inayonukia jikoni hadi paka akaifuata. Makala hiyo ilisomwa na watu wengi. Walitumiana. Walicheka. Wengine waliandika chini yake, "Asante fundi, umeniokoa." Mke alijibu kila mmoja, hata aliyeuliza jambo lililokwisha kuelezwa.

Mwezi wa pili ukaisha. Wasomaji walikuwepo. Wateja wapya hawakuonekana. Mlango wa buluu ulikaa wazi kutwa, ukaingiza upepo tu.

Fundi alianza tena kupaka mafuta mashine ambazo hazikuhitaji. "Shukrani ni tamu, mama watoto," alisema, "lakini hazipikwi. Wiki nne zimebaki. Nitamjibu kaka yako."

Mke hakulala vizuri. Kulipokucha alifungua simu kujibu maoni. Kulikuwa na moja jipya, refu. Aliyeandika alijitambulisha kuwa mwalimu wa darasa la ushonaji:

"Fundi, nimesoma makala zako zote. Jana nilibeba cherehani kichwani nikakutafuta kituo kizima cha mabasi. Nimeuliza hadi nimechoka. Kama hutaki wateja, tuambie."

Mke alipiga kelele. Fundi akaja mbio na mswaki mdomoni.

"Soma! Tumeandika tupo wapi?"

Walifungua ukurasa wa mbele. Chini kabisa fundi alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Tupo palepale, hatua chache kutoka tulipokuwa zamani."

Walitazamana.

"Palepale wapi?" mke aliuliza taratibu.

"Si pale... kila mtu..." Miaka ishirini fundi hakuwahi kumwelekeza mtu. Hata namba ya simu hakuiweka. Alikaa kwenye kiti. "Nimewaita watu karamuni, nikaificha nyumba."

Dada Maktaba alipoitwa, alisoma, akafunika uso kwa viganja. "Nami sikuona! Ninakaa hapo mkabala, mlango wenu nauona kila siku. Nisameheni."

"Tusameheane wote watatu," mke alisema. "Sasa tuandike kwa mgeni asiyetujua hata kidogo."

Wakaandika jina la barabara. Wakaandika: ukitoka kituoni, pita duka la dawa, ingia kichochoro cha pili kulia, mlango wa tatu, wa buluu. Wakapiga picha ya mlango wenyewe. Wakaweka namba ya simu na saa za kazi, si ukurasa wa mbele tu, bali chini ya kila makala, kwa sababu msomaji huingilia popote. Kisha mke akamtumia dada yake wa mji mwingine, akamuuliza, "Ungekuwa huku ungefika?" Dada yake akajibu, "Nimeshafika. Niwekeeni maji ya kunywa."

Mwalimu wa ushonaji walimwomba radhi palepale chini ya maoni yake, wazi, kila mtu asome. Fundi alitaka waufute ule ujumbe wa aibu. Mke alikataa. "Acha. Waone kwamba ukikosea unakiri."

Siku ya tatu mkokoteni ulisimama kichochoroni. Juu yake zilikuwa cherehani sita. Mwalimu wa ushonaji aliingia akijifuta jasho.

"Huu ndio mlango maarufu?"

"Ndio, na mjinga wake ni mimi," fundi alisema. "Karibu sana."

Alizifungua zote sita mbele yake. Mwalimu aliangalia, akauliza, akaridhika. Kabla ya kuondoka alimwomba awe anakagua mashine za darasa lake kila mwezi. Wiki hiyo walikuja wengine wanne. Wawili walisema wameonyeshwa blogu na rafiki. Mmoja alikuja kununua sindano tu. "Nimeambiwa zinabadilishwa," alisema.

Mwisho wa mwezi wa tatu kaka yake mke alikuja na mnunuzi wa sanduku la vifaa. Walikuta sanduku wazi, tupu. Bisibisi, brashi na koleo vilikuwa vimetapakaa juu ya meza, na fundi alikuwa ameinama katikati yake.

"Shemeji, vipi kuhusu ghala?" kaka aliuliza.

"Litafutie mtu asiye na kazi," fundi alijibu. "Ila nipishe kidogo, unanizibia mwanga."

Mke alicheka peke yake nyuma ya nyuzi zake, kimya kimya, mpaka machozi yakamlenga.

Wakati huo mama mmoja alisimama mlangoni na cherehani mikononi. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. Harufu ya mafuta ya kupikia ilitangulia kuingia.

"Fundi," alisema, "makala nimeisoma. Ila niliisoma jana, na mafuta nilitia juzi."

Fundi Bobini aliipokea mashine kwa mikono miwili, akaiweka mezani, akachagua bisibisi yenye umbo la kiganja chake.

"Usijali, mama. Makala zetu ni za watu kama wewe." Akamgeukia mkewe. "Mama watoto, mwombe ruhusa ya picha, kisha shika simu. Ninaanza kusema."