Sindano ya Kumi na Mbili

Mimi ni fundi cherehani, na nina ugonjwa mmoja. Nikiona mshono mbaya, mikono inaniwasha. Lazima niufumue, hata kama nguo si yangu. Mume wangu husema ipo siku nitamfumua mtu shati akiwa amelivaa barabarani. Basi ugonjwa huo nusura unipotezee kaka yangu.

Nilikuwa na cherehani ya umeme, nyeusi na nzito. Tuliiita Chechemea. Siku tulipoileta dukani ilianguka, jino moja la gia likakatika. Tangu hapo sindano ilishona vizuri mara kumi na moja, lakini ya kumi na mbili iliruka na kuacha uzi mrefu. Kipuri hakikupatikana. Wateja walinitania sana! Nami nikaitumia kwa mishono ya ndani, isiyoonekana.

Asubuhi moja nilifungua duka, Chechemea haipo. Kufuli lilikuwa zima. Dirisha lilikuwa zima. Polisi wakaja, wakaangalia huku na huku, wakauliza, "Ufunguo wa pili anao nani?"

Kaka yangu, ambaye hunisaidia kukata vitambaa, akainua mkono. Wakamchukua siku hiyo hiyo. Dhamana ilikataliwa, kwa sababu mpaka uko karibu na walihofu angetoroka.

Miezi minne ikapita akiwa mahabusu. Mama alikonda. Kila nilipomtembelea, kaka alinishika mkono na kuniuliza, "Mdogo wangu, na wewe unaamini ni mimi?"

"Sijaamini hata siku moja, kaka."

Lakini ningethibitisha vipi? Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Jumatatu moja muuguzi mmoja aliniletea sare yake nyeupe.

"Fundi, nipunguzie kiuno tu," akasema. "Nimeinunua ng'ambo ya mpaka wiki iliyopita."

Nikaigeuza sare ndani nje. Mshono wa ubavuni ulikuwa mbaya. Mikono ikaniwasha. Nikachukua kifumulio, nikaufumua wote, juu mpaka chini. Nikageukia ubavu wa pili. Hapo macho yangu yakaanza yenyewe kuhesabu nyuzi. Kumi na moja fupi, mmoja mrefu. Kumi na moja fupi, mmoja mrefu.

"Chechemea!" nikapiga ukelele.

Muuguzi akadondosha mkoba. "Nani tena huyo?"

"Cherehani yangu! Sare hii imeshonwa kwa cherehani yangu iliyoibwa!"

Kwenye kola palikuwa na lebo yenye jina la duka na mtaa. Nilimpigia simu mume wangu, ambaye ni fundi bomba. Akaja mbio, spana bado mkononi.

"Vaa viatu," akasema. "Tunavuka sasa hivi. Tunaingia dukani, tunaibeba, tunarudi."

"Na sare ya watu?"

"Huo upande uliofumua ushone upya haraka, umpe mwenyewe. Twende!"

Nilikuwa nimeshatunga uzi kwenye sindano. Ndipo jirani yetu akachungulia mlangoni. Yeye ni karani wa mahakama, na makelele yetu yalimfikia nyumbani kwake. Nikamweleza yote kwa pumzi moja.

"Weka hiyo sindano chini!" akasema. "Usiguse tena sare hiyo. Huo ni ushahidi, nawe umeshakula nusu yake."

Niliona aibu, ikabidi niweke mikono nyuma.

"Haya, shemeji," akamwambia mume wangu. "Ukiibeba cherehani kule, utakuwa nani?"

"Mwenye mali!"

"Kule utakuwa mwizi. Utakamatwa na polisi wao. Na hata ukifika nayo hapa, nani atajua uliitoa wapi? Hakimu atasema mlikuwa nayo nyumbani siku zote. Kaka yenu atazidi kuzama."

Mume wangu akaketi. Spana akaiweka mezani.

"Basi polisi wetu waende wakaichukue," nikasema.

"Nao hawawezi. Nguvu zao zinaishia mpakani. Sheria ya kule ina wenyewe. Lakini msikate tamaa, nchi husaidiana! Kesho nendeni kwa mpelelezi wa kesi. Yeye atamweleza mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka ataandika ombi la msaada wa kisheria. Ombi litapita ofisi kuu ya sheria ya serikali yetu, liende kwa wenzao wa kule. Hakimu wa kule akikubali, polisi wa kule ndio watakaoichukua cherehani kwa hati. Watamhoji aliyeinunua, na watatuma majibu kwa maandishi."

"Itachukua siku ngapi?"

"Siku? Hesabu wiki, labda miezi. Lakini kitakachokuja kwa njia hiyo, mahakama yetu itaweza kukipokea."

Kisha akauliza, "Una nguo yoyote uliyoishona kwa Chechemea kabla haijaibwa?"

Nikashika kichwa. Zile zilizobaki nyumbani nilikuwa nimezifumua na kuzishona upya. Si nimesema nina ugonjwa?

Sote tukamtazama mume wangu. Hapana, tuliitazama suruali yake ya kazi.

"Hii?" akashtuka. "Hii siitoi! Hata kuifumua nilikukataza. Ndiyo suruali yangu ya bahati."

"Vua," nikasema. Muuguzi akageukia ukutani, anacheka mpaka machozi.

Kesho yake mpelelezi aliandika maelezo yangu na ya muuguzi. Sare aliitia kwenye mfuko, na suruali kwenye mfuko wa pili. Akaifunga, akaandika tarehe, tukatia sahihi. Akaniambia nisimpigie mtu yeyote wa lile duka. Vidole viliniwasha kila siku, lakini sikupiga.

Wiki ya tisa jirani alipita dukani. "Nenda kwa mpelelezi," akasema. "Ameruhusiwa kukueleza."

Majibu yalikuwa yamekuja. Cherehani ilipatikana, namba yake ilikuwa imekwanguliwa. Mwenye duka aliinunua bila kujua, lakini alikuwa amebaki na nakala ya kitambulisho cha aliyemuuzia. Mpelelezi akanionyesha picha. Alikuwa mchonga funguo! Yule aliyetufungia kufuli letu, akatuchongea funguo mbili. Kumbe alichonga tatu.

Alikamatwa, lakini akakana kabisa. "Niliuza cherehani yangu," alisema. "Ya kwao muulizeni huyo kaka yao." Namba haikuwepo. Kwa hiyo kila kitu kilining'inia kwenye uzi mmoja mrefu.

Siku ya kesi, kaka na mchonga funguo wakiwa kizimbani pamoja, runinga kubwa iliwekwa ukutani mahakamani. Ndani yake tuliuona ukumbi mwingine, wa mahakama ya ng'ambo, na hakimu wake amekaa. Mwenye duka akaapa kule, tukamsikia huku. Kisha afisa wa kule akaweka mezani kitu cheusi.

Jamani! Sikujizuia. "Chechemea!"

"Mama, utulivu," hakimu wetu akaniambia.

Afisa akachomeka waya na kuweka kitambaa cheupe. Cherehani ikaanza kunguruma. Akakinyanyua kitambaa mbele ya kamera, karibu kabisa. Hakimu wetu akavaa miwani. Mbele yake palikuwa na ile sare, upande mmoja uliobaki, na suruali ya mume wangu imegeuzwa ndani nje.

Hakimu akaanza kuhesabu kwa sauti. "Moja. Mbili. Tatu..."

Ukumbi mzima ukawa unahesabu naye kimoyomoyo. Mama alifumba macho. Kaka alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili.

"...kumi. Kumi na moja." Akatazama runinga. Akatazama sare. Akatazama suruali. "Ya kumi na mbili imeruka. Kote kutatu."

Mchonga funguo aliinamisha kichwa. Mwendesha mashtaka akasimama na kuomba mashtaka dhidi ya kaka yangu yaondolewe. Hakimu akamwambia kaka, "Uko huru." Mama alipiga vigelegele mle mle ndani, na safari hii hakuna aliyemwambia utulivu!

Chechemea ilirudi baadaye, kesi ya mchonga funguo ilipokwisha, kwa amri ya mahakama ya kule. Nimeandika namba za mashine zangu zote kwenye daftari. Na sasa, kabla sijafumua chochote, nauliza kwanza nguo imetoka wapi.

Mwezi uliopita kipuri cha gia kilipatikana. Fundi akaja kukifunga. Nikamfukuza.

Nilinunua pia kufuli jipya, lenye funguo mbili ndani ya boksi. Mmoja nikampa kaka. Akarudisha mkono nyuma.

"Mpe mtu mwingine, mdogo wangu. Mimi naogopa."

Pale pale mteja mpya alikuwa akingoja nguo yake. "Fundi," akauliza, "siku usipokuwepo, ufunguo wa pili anao nani?"

Nikaufunga mkono wa kaka juu ya ule ufunguo.

"Kaka yangu," nikajibu kwa sauti, mtaa mzima usikie.